Bitana ya Mshipa: Damu Yaombwa Ijitengenezee Njia

Kila mtoto wa pwani aliyekalishwa juu ya jamvi la chuo akasomeshwa Juzuu Amma aijua Sura ya Alaq, na ajua kuwa ndani yake mna aya za kwanza kuteremshwa. Neno hilo "alaq" walimu wetu hulifasiri kuwa ni pande la damu, na wako wafasiri wasemao kuwa maana yake ni kitu chenye kunata na kung'ang'ania. Mimi si katika wale wanaoifanya Qur'ani kuwa kitabu cha maabara, kwa sababu maabara hubadili maneno yake kila baada ya miaka michache, na Kitabu hakibadiliki. Lakini maana hizo mbili zimenikaa kichwani siku hizi nikisoma habari za matabibu wanaotengeneza mishipa ya damu kwa mikono yao. Pande la damu ndilo adui wao mkubwa. Na chembe za damu zenye kunata ndizo wanazoziomba msaada.

Habari hii haikunijia kwa udadisi mtupu. Mtaani kwetu yuko jirani yangu mmoja, mshona kanzu kwa kazi yake, ambaye kisukari kilimziba mishipa ya mguu wa kulia hata ukakatwa chini ya goti. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia: "Maalim, mimi nimeshona nguo miaka arubaini. Huo mshipa si kama mkono wa kanzu tu? Mbona hawakunishonea mwingine?"

Swali lake si la kijinga hata kidogo. Mabingwa wa dunia wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka mia, na jawabu lake bado liko chini ya sindano. Haya niandikayo hapa ndiyo niliyomweleza, na ninayoona yafaa kila mwenye mzee wa kisukari nyumbani ayajue.

SINDANO NA UZI

Kufunga mshipa si jambo geni katika tiba ya Waislamu. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika namna ya kuufunga kwa uzi mshipa unaomwaga damu. Ibn al-Nafis, mtu wa Sham aliyefariki Misri mwaka 1288, alieleza kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikaingia upande wa kushoto. Hayo aliyasema karne kadhaa kabla ya William Harvey wa Uingereza kuchapisha kitabu chake juu ya mzunguko wa damu mwaka 1628. Lakini kufunga mshipa ni kuuziba. Kuuunga ili damu ipite tena ni kazi nyingine kabisa.

Mwaka 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa uendao kwenye ini, na madaktari wa wakati ule hawakuwa na njia ya kuushona. Akafa. Kijana mmoja wa udaktari mjini humo, Alexis Carrel, hakukubali kuwa hilo haliwezekani. Alikwenda kujifunza kwa mwanamke fundi wa tarizi, akazoea sindano nyembamba na uzi wa hariri. Mwaka 1902 alichapisha njia yake ya kuunga mishipa ncha kwa ncha, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Msomaji aliyewahi kumtazama mshona kofia wa Lamu akikizungushia uzi kila kitundu bila ya uzi kujikunja ataelewa kwa nini Carrel alikwenda kwa mtarizi asiende kwa mhunzi.

Baada ya sindano likaja suala la kitambaa. Mwaka 1952 Arthur Voorhees na wenzake wa New York walitangaza kuwa neli za kitambaa cha Vinyon zimeweza kupitisha damu katika miili ya mbwa. Kisha akatokea Michael DeBakey wa Houston, aliyezaliwa Marekani na wazazi waliohamia kutoka Lebanon. Yeye alikwenda dukani kutafuta nailoni. Nailoni ikawa imekwisha, akapewa Dacron. Mama yake alikuwa amemfundisha kushona tangu utotoni, basi akakaa kwenye cherahani nyumbani kwake, akashona neli kwa mkono wake mwenyewe. Dacron ni poliesta, ukoo mmoja na hii tetroni ya kanzu zetu. Hata leo neli za kitambaa hicho huwekwa mahali pa mshipa mkuu utokao moyoni, na watu wanaishi nazo miaka mingi.

Jirani yangu aliposikia hayo alicheka kwa mara ya kwanza tangu akatwe mguu. Lakini nilimwambia angoje, kwani hadithi haijafika kwake.

NGUO ISIYO BITANA

Ikiwa tetroni yatosha, tatizo liko wapi? Tatizo ni upana. Mshipa mkuu ni mpana, na damu hupita humo kwa nguvu na kasi, haina nafasi ya kuganda. Lakini mishipa inayolisha moyo wenyewe ina upana wa milimita 3 au 4 tu, na ile iliyo chini ya goti haipiti hapo sana. Neli ya kitambaa ikipungua milimita 6, mara nyingi huziba. Damu hukutana na kitu isichokijua. Zile chembe ndogo zenye kazi ya kuzuia kidonda kisivuje hunata kwenye ukuta wa neli, zikaitana, zikakusanyana, na pande la damu likafunga njia.

Kwa hivyo madaktari hupendelea kumkata mgonjwa mshipa wake mwenyewe mguuni, wakaupandikiza penye haja. Hivyo ndivyo alivyofanya René Favaloro, daktari wa Argentina, mjini Cleveland mwaka 1967, na njia hiyo imeokoa mioyo isiyohesabika. Lakini wako wagonjwa wengi wasio na mshipa wa kukatwa. Mwengine ulishatumiwa katika operesheni ya kwanza, mwengine umevimba na kujipinda, mwengine umeharibiwa na maradhi yale yale yaliyomleta hospitali. Na wale wanaosafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, ambao wengi tunawajua na wengine tumewazika, mishipa ya mikono yao huchomwa sindano wiki baada ya wiki mpaka hapana pa kuchoma tena.

Sasa tazama ndani ya mshipa aliouumba Mola. Tangu moyoni hadi kwenye vimishipa visivyoonekana kwa macho, ndani kote mmetandikwa tabaka moja la chembe hai, bapa, zimeshikana mfano wa vigae vya sakafu. Wataalamu huliita endothelia. Mimi naliita bitana, kwa sababu ndivyo lilivyo. Mshona koti ajua kuwa bitana haionekani na mnunuzi, lakini ndiyo ifanyayo nguo ikae mwilini bila ya kukwaruza.

Na bitana hii si kitambaa kilicholala tu. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani alionyesha kuwa mshipa ulioparuzwa bitana yake hukataa kulegea hata ukipewa dawa ya kuulegeza. Baadaye ikajulikana kuwa chembe za bitana hutoa hewa iitwayo nitriki oksaidi, ambayo huupanua mshipa na kuzuia damu isigande. Kwa kazi hiyo Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Nobel mwaka 1998. Kabla ya hapo, mwaka 1976, John Vane wa Uingereza na wenzake walikuwa wamegundua dawa nyengine itokayo ndani ya ukuta wa mshipa, prostasaiklini, nayo pia huzuia kuganda. Yaani bitana huiambia damu kila dakika: pita, hapa ni kwenu.

Basi tatizo la neli nyembamba likawa wazi. Ilikuwa ni nguo nzuri isiyo bitana.

MBEGU NDANI YA DAMU

Wa kwanza kujaribu kuitia bitana walikuwa akina Malcolm Herring wa Marekani. Mwaka 1978 walieleza jinsi walivyokwangua chembe kutoka katika mshipa wa mnyama na kuzipanda ndani ya neli. Madaktari wa Vienna nao, kuanzia mwaka 1989, walichukua kipande cha mshipa wa mgonjwa, wakazikuza chembe zake katika maabara kwa wiki kadhaa, wakaitandika neli kabla ya kuiweka mguuni. Neli zenye bitana zilikaa wazi kuliko zisizo nayo. Jambo lilikuwa la kweli. Lakini lilitaka mgonjwa akatwe mara mbili, na chembe za mshipa wa mzee zimechoka, hazizai kama za kijana.

Ndipo mwaka 1997 Takayuki Asahara, Jeffrey Isner na wenzao wa Boston wakatoa habari iliyowashangaza wengi. Kabla ya hapo ilidhaniwa kuwa mtu mzima hupata mishipa mipya kwa njia moja tu: chembe za mshipa jirani kuchipua na kutambaa. Wao wakasema kuwa ndani ya damu itembeayo mwilini mna chembe changa, adimu, zenye uwezo wa kutulia mahali na kugeuka kuwa bitana. Ni mfano wa mbegu zichukuliwazo na mto, zikafika ufukweni zikaota. Kama ni hivyo, hapana haja ya kukata mshipa. Sindano moja ya mkononi yatosha.

Miaka minne baadaye, mwaka 2001, Sunjay Kaushal, Joyce Bischoff na wenzao, wa Boston vilevile, waliyapima maneno hayo kwa kondoo. Walimtoa kondoo damu, wakazitenga zile chembe mbegu, wakazilisha na kuzikuza katika vyombo mpaka zikawa nyingi. Pembeni walichukua mishipa ya nguruwe, wakaiosha kwa sabuni za maabara mpaka chembe zote za nguruwe zikatoka, ukabaki ukuta mtupu wa nyuzi. Ndani ya ukuta huo wakazipanda chembe za kondoo, kisha mshipa ukashonwa shingoni mwa kondoo yule yule aliyetoa damu.

Matokeo yake yalieleweka hata kwa asiye tabibu. Mishipa isiyotiwa chembe iliziba kabla ya siku 15 kutimia. Iliyotiwa chembe ilipitisha damu hadi siku 130. Na ilipotolewa na kupimwa, ilikaza na kulegea karibu sawa na mshipa wa asili, na kulegea kwake kulitokana na ile ile hewa ya nitriki oksaidi. Haikuwa neli tena, ilikuwa imeanza kuwa mshipa.

MBEGU GANI HASA?

Hapo msomaji atadhani kazi imekwisha. Haikwisha, na sababu zake zafaa kuelezwa kwa uwazi, maana magazeti hupenda kutangaza harusi kabla ya posa.

Kwanza, wataalamu waligundua kuwa jina moja lilikuwa limepewa vitu viwili. Chembe nyingi zilizokuwa zikikuzwa kwa siku chache na kuitwa mbegu za bitana kumbe ni jamaa za chembe nyeupe za damu. Husaidia kuponya, lakini zenyewe hazigeuki bitana. Kuanzia mwaka 2004 David Ingram, Mervin Yoder na wenzao wa Indiana walipambanua mbegu za kweli: huchelewa kuonekana, wiki mbili au tatu baada ya damu kuwekwa katika chombo, lakini zikianza kuzaa huzaa kwa wingi. Katika damu ya mtu mzima ni chache mno. Katika damu ya kitovu cha mtoto mchanga ni nyingi zaidi, na zina nguvu. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka wakunga wetu, ambao huizika kondo ya nyuma kwa heshima kama kitu chenye uhai wake. Hawakujua habari za chembe, lakini hawakuitupa jaani.

Pili, na hili ndilo lililoniuma zaidi, wenye haja kubwa ya mshipa mpya ndio wenye mbegu dhaifu. Kisukari huzipunguza chembe hizi na kuzidhoofisha, na uzee hufanya vivyo hivyo. Jirani yangu angetolewa damu yake, huenda mbegu zisingetosha, au zingeota kwa unyonge.

Tatu ni wakati. Mtu aliyegongwa na gari mshipa ukakatika hawezi kungoja wiki tatu wataalamu walime shamba lao. Mguu usiopata damu hufa kwa saa chache.

Kwa sababu hiyo wengine wamepita njia nyengine. Laura Niklason na wenzake wa Marekani walionyesha mwaka 1999 kuwa ukuta wa mshipa waweza kukuzwa nje ya mwili, katika chombo chenye pampu inayopiga kama moyo, kwa muda wa wiki nane. Baadaye wakaja na shauri la kukuza ukuta huo kwa chembe za binadamu waliojitolea viungo, kisha kuziosha chembe zote zikatoka, ukabaki mshipa mtupu uwezao kuwekwa kabatini ukimngoja mgonjwa yeyote. Tarehe 19 Desemba 2024 serikali ya Marekani iliruhusu mshipa wa namna hiyo utumiwe kwa watu wazima waliojeruhiwa mkono au mguu, pasipokuwa na mshipa wao wa kutumia. Ruhusa ilikuja na onyo kali, kwa kuwa mshipa huo waweza kupasuka au kuziba. Lakini la ajabu ni hili: unawekwa bila ya bitana, na uchunguzi wa vipande vilivyotolewa kwa wagonjwa baada ya muda umeonyesha kuwa chembe za mwenyewe mgonjwa zimehamia humo na kuufanya makao. Mabishano yaliyobaki ni kama twapaswa kuzipanda mbegu wenyewe, au tutengeneze udongo mzuri na kuiachia damu ilete mbegu zake.

NGURUWE, MAITI NA FIQHI

Najua msomaji wangu hakulisahau lile neno nguruwe. Nami sikulisahau. Mimi si mufti, na fatwa ina wenyewe. Lakini si haramu kwa mwandishi kukumbusha yaliyokwisha kuandikwa.

Sisi watu wa pwani twafuata madhehebu ya Imam Shafi, na katika Minhaji ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu, imezungumzwa mas-ala ya mtu aliyeunga mfupa wake kwa kitu najisi. Hukumu yake imefungamana na haja, na kama kilipatikana kilicho safi au la. Imam Nawawi alifariki mwaka 1277. Hakuiona maabara, lakini mlango aliuacha wazi. Katika zama zetu, Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Jidda mwaka 1988 liliruhusu kuhamisha kiungo cha mtu kutoka mahali pamoja kwenda pengine katika mwili wake mwenyewe, iwapo faida yake yazidi madhara, na likaruhusu pia kutoa kwa mwengine kile kinachojirudisha chenyewe, kama damu na ngozi, kwa masharti yake. Na katika mkutano wa Kuwait wa mwaka 1995 wanazuoni na matabibu walijadili kitu najisi kilichogeuka dhati yake kikawa kitu kingine.

Kwa hiyo chembe za damu ya mtu mwenyewe, zikatolewa, zikakuzwa, zikarudishwa kwake, hazina uzito mkubwa. Uzito uko kwenye ukuta: watoka kwa nguruwe, kwa ng'ombe, au kwa mtu aliyekufa? Nasema haya kwa sababu nimeona wagonjwa wetu wakikubali au wakikataa tiba bila ya kuuliza, na wote wawili hukosea njia. Muulize daktari kitu kimetoka wapi. Kisha mchukulie shekhe jawabu kamili, usimchukulie uvumi. Na mashekhe wetu nao waanze kuyasoma mambo haya sasa, wasingoje mpaka mgonjwa awe mlangoni chumba cha operesheni na jamaa zake wanagombana.

Nami, kwa kuwa ni mtu wa tungo, nimeyafupisha kwa ubeti mmoja:

Tone moja mishipani, labeba siri kwa siri,
Mbegu zimelala ndani, zangoja Yake amri,
Mkulima huthamini, mbegu kuliko johari,
Apandaye kwa makini, havuni ila ya heri.

Tiba hizi zitafika kwetu lini, na kwa bei gani, sitaki kubashiri. Tumeona dawa ngapi zikipita juu ya vichwa vyetu kama ndege ziendazo kwengine. Lakini kuna jambo moja katika elimu hii lisilongoja meli wala ruhusa ya serikali yoyote. Bitana bora ni ile uliyozaliwa nayo, na waiharibuo wanajulikana: sukari iliyozidi katika damu, presha isiyotibiwa na moshi wa sigara. Mwenye kisukari apime, anywe dawa yake, na kila atawadhapo asiharakishe kumwagia maji miguu. Aipitishe mikono taratibu, atazame nyayo na baina ya vidole, na akiona kidonda ambacho hakukihisi, ama unyayo umekuwa baridi na kubadili rangi, asingoje siku ya pili. Mara tano kwa siku miguu yetu i mbele ya macho yetu. Tuitazame.